Dada Watatu wa Tumbo Moja

Tulipoachana, Inspekta Edisa wa dawati la watoto alikuwa ameinama kwenye dirisha la gari jeupe, pale kwenye kizuizi cha polisi, barabara ya kutoka Bwera kuingia Kasese. Alikuwa amewaambia watoto watatu wa kike wenye nguo za njano za mikanda, waliobanana kiti cha nyuma, maneno mawili tu: fungueni midomo.

Wakafungua.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikueleze haraka kabla gari halijaondoka. Mwenye gari ni mama mmoja aitwaye Ronah, amevaa vizuri, ananukia vizuri. Alisema hao ni watoto wa marehemu dada yake, tumbo moja, anawapeleka shule Kampala. Majina? Wakayataja wenyewe, mmoja baada ya mwingine: Masika, Biira, Kabugho.

Mkonzo yeyote, mtu wa milima hii yetu, akisikia hivyo moyo unamtulia. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi kwa kupenda. Wa kwanza wa kike ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, hata umzalie njiani. Majina yakikaa kwenye mstari tunaona mama mmoja, tunashusha kamba, tunasema safari njema. Ndivyo tulivyo. Na yuko mtu aliyekaa chini akatusoma, akaenda kuokota watoto kwa majina kama unavyochagua viatu kwa namba.

Lakini midomoni, msomaji, midomoni mambo yalikataa.

Masika hakuwa na meno mawili ya mbele, ya juu. Biira hakuwa nayo. Kabugho hakuwa nayo. Mmoja mrefu, mmoja wa kati, mmoja mfupi, lakini mapengo ni yale yale, na meno mapya yanachungulia kwa kipimo kile kile. Watoto wa umri mmoja. Tumbo gani hilo lililozaa watatu mwaka mmoja? Na kama wamezaliwa pamoja, mbona hawana majina ya pacha?

"Madam," Edisa akasema, "zima gari."

Ronah hakumwambia dereva azime. Alicheka. Akapiga makofi taratibu, vidole vimejaa pete, kama mama mkubwa kanisani.

"Hongera, afande. Umefaulu. Mimi ndiye mtihani wenyewe."

Hapo, ndugu yangu, ndipo serikali nzima ilipoanza kuruka.

Mtihani ulikuwepo kweli. Wiki nzima ukumbi mmoja wa Nyamwamba ulikuwa umejaa polisi, maofisa wa uhamiaji, manesi, walimu na wenyeviti wa bodaboda, wanafundishwa na Sista Sylivia, nesi aliyetoka Kampala, jinsi ya kumtambua mtoto anayeuzwa. Huyo Sista simlaumu. Alifundisha kwa moyo. Mtazame mtoto, usiwatazame wenye suti. Muulize mtoto, mtu asimjibie. Angalia meno, maana mdomo wa mtoto hausemi uongo juu ya umri wake. Na siku ya mwisho, mazoezi: mtu wa kuigiza atapitishwa barabarani na watoto wa kuigiza, wanafunzi wamkamate.

Ilikuwa siri. Ilikuwa siri kubwa hivi kwamba wenye mradi wa mafunzo hayo waliitangaza redioni asubuhi, kwa lugha tatu, wakiwashukuru wafadhili, katikati ya matangazo ya vifo.

Ronah ana redio kwenye gari.

Afande Opio, mkuu wa kizuizi, mtu mkubwa wa kutoka mashariki mwenye kofia inayomkaa vibaya, alisikia neno "umefaulu" akasahau mengine yote. Alimshika Edisa kiunoni akamnyanyua juu. Manesi walipiga vigelegele. Wenyeviti wa bodaboda waliwasha pikipiki zao zote wakazizungusha pale pale bila kwenda popote. Bango la mradi lilivutwa likatandazwa mbele ya gari jeupe, na Ronah akawekwa katikati, soda mkononi, akapigwa picha na kila mwenye simu.

Mji huu umezoea mabango. Reli ilikufa ikiwa na bango. Mgodi wa Kilembe ulilala ukiwa na bango. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka juzi na kubeba nyumba za watu, bango la kutupa pole lilifika mtaani kwetu kabla ya maji ya kunywa. Mimi ni mtu wa kukumbuka, ndiyo maana wakubwa hawaniiti kwenye soda zao.

Edisa alikuwa juu mabegani mwa wanaume, anacheka, na kwa nini asicheke? Miaka yote dawati lake lilikuwa meza moja nyuma ya mlango wa stoo, na leo anarushwa hewani. Kutoka kule juu aliona ndani ya gari.

Masika alikuwa bado amefungua mdomo. Hakuna aliyemwambia afunge.

Mpaka Edisa anashushwa chini, kamba ilikuwa imeshuka, mikono inapungwa, na gari jeupe linapotelea upande wa mjini. Akamwambia Opio moyo haujatulia. Opio akamjibu kwamba aliyefaulu ana haki ya kupumzika, akampa soda.

Soda haikufika nusu, likaja lori.

Lilikuwa lori la kubebea chumvi ya Kabatoro, na lilisimama katikati ya barabara bila kusimamishwa na mtu. Akashuka mwanamume mwenye koti refu jeusi, miwani ya jua, na masharubu ya manyoya ya mbuzi ambayo upande mmoja yalikuwa yameshaanguka. Nyuma ya lori watoto wa kwaya walikuwa wanalia kwa sauti nne, vizuri sana.

"Afande Opio," mwanamume akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa uchungu, "toka asubuhi mimi naiba watoto. Hakuna mtu ananikamata."

Alikuwa Mwalimu Blasio wa Bugoye, mwalimu wa kwaya, ndiye mwizi wa kuigiza wa mtihani, anayejulikana na kila mtu kutoka mlimani mpaka ziwani.

Akawaeleza yote, na alieleza kama mtu aliyetukanwa. Pale Mpondwe, mpakani na Kongo, ofisa wa uhamiaji alimsalimia kwa jina na kumuuliza habari ya wimbo wa Jumapili. Sokoni Bwera alisimama juu ya gunia akatangaza kwamba ana watoto wa bure, nani anataka, na akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Watoto walilia kama alivyowafundisha. Watu wakawapa ndizi, wakasifu sauti ya pili. Hapa kizuizini alikuwa amepita mara mbili, na mara zote mbili Opio mwenyewe alimshushia kamba, akamwambia, "Mwalimu, pita, tusikucheleweshe."

"Mimi nilipiga hata honi," Blasio akasema. "Nilikukonyeza, afande. Wewe ukanikonyeza pia."

Turubai la nyuma ya lori likanyanyuka. Akatoka Sista Sylivia, jasho linamtiririka, chumvi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amelala chini ya turubai tangu mpakani, ili aone kwa siri wanafunzi wake wakifanya kazi.  Aliuliza swali moja tu: kama Mwalimu hajakamatwa, yale makofi na vigelegele alivyosikia kwa mbali vilikuwa vya nani?

Wote, msomaji, wakageuka kulitazama bango.

Edisa alikuwa tayari anakimbilia gari la polisi. Dereva akatikisa kichwa. Mafuta ya gari yalikuwa yameenda kuchukua viti na kurudisha viti. Viti vipya vya plastiki, vizuri, vinang'aa, vimepangwa kwenye hema la mradi kando ya barabara. Mafuta hakuna. Ukitaka kujua nchi inavyoibiwa watoto wake, usitafute mashetani, tazama viti.

"Namba ya gari nani ameandika?" Sylivia akauliza.

Hakuna. Iko kwenye picha, wakasema, lakini kwenye picha bango lilikuwa limefunika namba.

Afande Opio akakohoa. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake kwamba yeye anayo simu ya yule mama.

"Kwa kazi," akaongeza.

"Kazi gani?" Edisa akauliza.

"Kazi ya baadaye."

Kama mke wake anasoma gazeti hili, mimi sikusema kitu.

Wengine walitaka Opio ampigie amtishe. Edisa akakataa. Alikuwa amesimama mkono kiunoni, macho kwenye mfuko wa Sylivia, na ndani ya mfuko ule vilikuwa vyeti vya mafunzo, vinene, vyenye muhuri mwekundu na nafasi ya jina. Akasema yule mama hatarudi kwa vitisho, na kwa mapenzi pia hatarudi, samahani afande. Lakini kutoka hapa mpaka Kampala kuna vizuizi vingi, na mwanamke mwenye cheti cha mwezeshaji, kimesainiwa na polisi, kwamba yeye anapita na watoto kwa kazi ya kufundisha, huyo atafunguliwa kamba zote mpaka uwanja wa ndege. Mwambieni cheti chake amekisahau.

Opio akapiga. Ungemsikia. Sauti yote ya amri za parade ilimtoka, ikabaki asali. Madam, umetuachia huzuni. Madam, cheti chako kiko hapa kinalia. Akasikiliza. Akakata simu na uso wake haukujua ukae vipi.

"Anakuja," akasema.

Basi hema likageuka mzinga wa nyuki. Watoto wa kwaya walisukumwa nyuma ya maboksi ya soda na kuambiwa wasipumue kwa sauti. Mwalimu Blasio, ambaye sura yake ingeharibu kila kitu, aliingizwa chini ya meza kuu na kitambaa kikashushwa. Akauliza kutoka kule chini kama sasa, angalau, amekamatwa. Sylivia akamwambia ndiyo, Mwalimu, tulia.

Wakasubiri.  

Gari jeupe lilirudi kabla saa nzima haijapita.

Ronah akashuka anatabasamu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakashuka watoto watatu wa kike, nguo za njano zile zile, mikanda ile ile. Opio alipumua kwa furaha. Akamtazama Edisa kumwambia kwa macho, unaona, wapo.

Edisa hakupumua.

Nguo zilikuwa zile. Watoto hawakuwa wale.

"Salimieni afande," Ronah akasema. "Tajeni majina."

Masika. Biira. Kabugho.

"Mtihani una sehemu mbili," Ronah akaeleza umati kwa sauti ya mwalimu. "Wale wa kwanza walikuwa jibu baya. Hawa ni jibu zuri, ili muone tofauti. Afande Edisa, si ulipenda meno? Angalia."

Midomo ikafunguka. Mkubwa ana meno ya utu uzima, yamejaa. Wa kati ana pengo. Mdogo ana meno ya maziwa, yote, meupe, kama mbegu za boga. Ngazi nzuri. Tumbo moja kabisa.

Watu wakapiga makofi. Walipiga, msomaji, usiwacheke, hata wewe ungepiga. Ulikuwa ushenzi mkubwa kiasi kwamba ulionekana kama elimu. Mwizi amekuja kwa polisi kupima mali yake: kama meno haya yatampita Edisa, yatapita kila kizuizi nchini.

Na Edisa, aliyesimama karibu kuliko wote, alikuwa anafikiri jambo moja. Huwezi kutoka hapa, ukabadilisha watoto watatu kwa umri na kwa majina, ukarudi saa nzima haijapita, kama hukuwa na wengi wa kuchagua. Na wengi hao wako karibu.

Mdogo alikuwa amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia na cha kulia mguu wa kushoto. Edisa akapiga magoti kumvua na kumvalisha upya, polepole, kichwa kimeinama, na akamuuliza kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, midomo haisogei, wenzake wako wapi. Mtoto akamjibu kwa Kiswahili cha Beni, kule Kongo, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari ya kawaida.

"Beko mu nyumba. Banalala."

"Mchana huu?"

"Banakunywa dawa, banalala. Kuko mumoja, mudogo, hajaamuka tangu jana."

Edisa akafunga kiatu. Mikono yake, anasema, ilifunga vizuri kuliko siku zote.

Nyuma yake Opio alikuwa ameshapeleka mkono kwenye pingu. Sasa fikiri na wewe. Ukimfunga Ronah hapa, ana simu mkononi na dereva kwenye usukani. Neno moja tu, na ile nyumba itakuwa tupu kabla polisi hawajapata mafuta, na yule mdogo asiyeamka atabebwa kama gunia mpaka kusikojulikana. Ukimwachia, anaondoka na hawa watatu pia.

Edisa akainuka. Akavuta koti lake la kazi likanyooka.

"Afande," akamwambia Opio, "acha. Madam amefanya kazi nzuri. Mpe cheti chake."

Opio akabaki mdomo wazi, na hakuna aliyehitaji kuhesabu meno yake. Lakini alikuwa askari wa siku nyingi na sauti ile aliijua. Aliandika jina, akasaini, akapiga saluti. Ronah akakipokea cheti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na nakuapia machozi yalimtoka ya kweli. Hata mwizi anapenda kusifiwa mbele za watu.

Akipita karibu na Sylivia, Edisa alisema bila kugeuka, "Nifuateni na lori." Kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari jeupe.

"Madam, naomba lifti. Nina mgonjwa Fort Portal."

Ronah akasita. Umati wote unatazama. Mwezeshaji mwenye cheti anamnyimaje afande lifti?

"Karibu, afande. Panda, mbanane na watoto."

Wakaondoka.  Dereva, kijana mmoja anaitwa Tsongo, shingo imejaa kama ya ng'ombe dume, alikuwa anamtazama Edisa kwenye kioo. Walipita Kasese mjini, wakashika barabara ya Fort Portal, mlima upande wa kushoto umejifunika mawingu kama kawaida yake.

Ronah alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza shule. Akageuka kwenye kiti.

"Afande, wewe unajua kazi. Ile ya meno hata mimi sikuifikiria."

"Ni Sista alitufundisha."

"Alifundisha vizuri. Alifundisha nini tena?"

Hapo Edisa nusura acheke. Mwizi anaomba somo! Wakubwa wa mradi hawakuwahi kupata mwanafunzi mwenye bidii namna hiyo. Basi akamfundisha. Akasema kwa uso wa ibada kwamba jambo la kwanza polisi wanaloambiwa ni mwendo. Mwenye watoto wake wa kumzaa haendeshi mbio hata siku moja. Anayekimbia ndiye mwizi. Gari likienda pole, polisi hata hawatoki kwenye kivuli.

"Kumbe," Ronah akasema. "Tsongo, umesikia?"

Tsongo akaondoa mguu. Gari likaanza kutambaa. Bodaboda ziliwapita. Mzee mwenye baiskeli na mkungu wa matoke aliwapita, akawatazama kwa huruma. Edisa alikuwa anafurahi moyoni, maana kwa mwendo huo hata lori la chumvi litawafikia.

Liliwafikia.

Lilikuja nyuma yao kwenye mteremko, linanguruma, Mwalimu Blasio kwenye usukani na masharubu yake ya nusu, Afande Opio amesimama nyuma ameshika kofia kwa mkono mmoja na chuma kwa mwingine. Edisa akaliona kwenye kioo, likakua, likakua. Na lori lile, ambalo breki zake zimezoea chumvi na si polisi, halikuweza kwenda pole namna ile. Likawapita. Opio aliwapita akitazama mbele, kifua nje, anatafuta gari jeupe linalokimbia. Lori likapanda kilima cha pili, likazama ng'ambo, likaenda zake Fort Portal.

Edisa alicheka. Nini tena angefanya? Alicheka mpaka yule mtoto mdogo naye akaanza, bila kujua sababu, meno yake yote ya maziwa nje, na wale wawili wakafuata. Ndani ya gari lile, kwa muda kidogo, kulikuwa na kelele za watoto wa kawaida.

Ronah hakucheka. Alikuwa amelitazama lori, akamtazama Edisa, akalitazama lori tena.

"Mgonjwa wako," akasema, "atasubiri kidogo."

Tsongo akakata kushoto, barabara ya vumbi ya kuingia Bugoye.

Edisa akatoa simu. Ronah akanyoosha mkono kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani, na mikononi mwa Tsongo, juu ya usukani, Edisa akaona panga fupi lililokuwa limelala kwenye paja tangu mwanzo. Watoto watatu walikuwa upande wake mmoja na mwingine. Akampa Ronah simu.

Walipanda na bonde la Mubuku, maji yananguruma chini, mashamba ya kahawa juu. Nyumba ilikuwa nzuri, ya tofali, paa jipya la bluu, kuku uwanjani, nguo za njano nyingi zimeanikwa kwenye kamba. Ungepita hapo ungesema, mtu amejaliwa.

Watu wa Bugoye, mlipita. Nitawaambia hivyo mkinikuta njiani.

Ronah akafungua mlango wa ndani akamwambia Edisa aingie akawaone mwenyewe, si ndicho alichotaka. Akaingia kwa miguu yake. Hakusukumwa.

Kulikuwa na giza na harufu ya mkojo na dawa ya kifua. Macho yake yalipozoea aliona miguu. Miguu midogo, imepangwa chini ya mablanketi, mistari kwa mistari, ukutani mpaka ukutani. Akapiga magoti, akashika mguu wa kwanza. Una joto. Wa pili. Una joto. Akatambaa hivyo, anashika mguu mmoja baada ya mwingine, anahema kama anayepanda mlima. Wale wasichana watatu wa mwanzo walikuwa pembeni, wamelala na shumizi tu, mapengo yao yanaonekana.

Mwisho kabisa, chini ya dirisha lililopigiliwa mbao, alikuwepo yule mdogo asiyeamka. Edisa akaweka sikio kifuani. Akasubiri. Kisha akasikia, mbali sana, kitu kinagonga, polepole, lakini kinagonga.

Amewapata. Wote. Akajisahau kwa furaha, akasimama na kurudi mlangoni kwa hatua kubwa kuagiza maji, gari, daktari, kana kwamba yuko kituoni kwake.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Akaupiga kwa ngumi mbili. Akaupiga tena, ukuta ukatetemeka.

Gizani, nyuma yake, mmoja akaketi kitako. Alikuwa yule Masika wa kwanza, macho yamejaa usingizi.

"Mama afande," akasema, "usigonge. Ukigonga, banaleta dawa."

Ng'ambo ya mlango kijiko kilikuwa kinakoroga kikombe.